Ajenda ya nne: vyombo na watoto

Muhtasari wa kikao cha ukoo, ule ulioandikwa siku ya tatu baada ya kumzika dada yangu, ninao mpaka leo. Ni karatasi mbili zilizochomolewa katikati ya daftari la shule, peni ya bluu, mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika mihutasari ya kanisa. Ajenda ya kwanza: kufungua kikao kwa sala. Ya pili: madeni ya msiba. Ya tatu: nyumba na shamba la migomba. Ya nne: "Vyombo na watoto."

Siku ile sikuliona hilo. Nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi chini ya mparachichi nyuma ya nyumba, Tukuyu, mvua imekatika kidogo na turubai linanidondoshea matone mgongoni. Nilisikia kila kitu na nikasaini. Sufuria mbili kubwa za pilau kwa shangazi yao. Kitanda cha futi tano na godoro lake, kwa binamu anayetaka kuoa. Pasi ya mkaa, nimesahau kwa nani. Kisha, kwa sauti ileile, binti wa miaka 11 kwa shangazi yake Tunduma, na mdogo wake wa kiume wa miaka 5 kwa baba yake mkubwa Kyela.

Hakuna aliyekuwa mkatili pale. Watu walikuwa wamelia, wamekesha, wamechoka, na walikuwa wanagawana mzigo kama wanavyogawana mizigo mingine yote: wewe shika huku, wewe shika kule, asielemewe mmoja.

Mimi ni mjomba. Kwetu Rungwe mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na hayo siyo maneno ya kijiweni tu. Mwaka 1963 serikali iliziandika mila za ulezi, urithi na wosia za makabila yanayofuata upande wa baba, kwenye Tangazo la Serikali Na. 436. Nilipojaribu kufungua mdomo, mzee mmoja alinikumbusha yote hayo kwa ufupi zaidi: "Ng'ombe zetu mlishazila, shemeji. Na watoto mnawataka?" Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani. Ndipo nikasaini.

Baba yao alikuwa ametangulia mwaka 2018, ajali ya lori kwenye mteremko wa Iwambi. Dada alipoanza kuugua mwanzoni mwa 2021 nilimleta kwangu Uyole, akaja na watoto na begi moja. Alifariki Agosti. Kikao kilikubaliana watoto wamalizie mwaka wa shule kwangu, Desemba kila mmoja achukuliwe na wake. Miezi minne. Mke wangu alinyamaza niliporudi na kumweleza. Alikuwa anakanda unga, akaendelea kukanda muda mrefu kuliko unga ulivyohitaji.

Oktoba yule mdogo alianguka kutoka juu ya ukuta wa jirani akavunjika mkono. Ilibidi alazwe usingizi ili mfupa urudishwe mahali pake, na kwa hilo kuna fomu ya kusaini.

"Wewe ni nani yake?"

"Mjomba."

"Mama yuko wapi?"

"Amefariki."

"Baba?"

"Amefariki."

"Mlezi wake kisheria nani?"

Nikakosa jibu. Nilikuwa nimemlisha, nimemvisha, nimempeleka kliniki usiku mara mbili, na swali lile lilinifanya nijione kama mtu aliyemwokota mtoto stendi. Dada yake alisimama pembeni kashika ndala za mdogo wake kwa mikono miwili, ananiangalia. Tulikaa kwenye benchi karibu saa tatu mpaka daktari wa zamu aliposema mkono wa mtoto hausubiri karatasi.

Sijawahi kuwalaumu wale wahudumu. Wao nao wana mabosi. Ila usiku ule nilianza kuhesabu nyumba za mtaani kwetu zenye mtoto asiye wa kuzaa pale ndani, nikafika saba kabla ya kulala. Huku Nyanda za Juu Kusini tumezika sana. Utafiti wa kitaifa wa 2016-2017 uliikuta Njombe ina maambukizi ya VVU ya asilimia 11.4 kwa watu wazima, juu kuliko mikoa yote, na ule wa 2022-2023 ukaikuta palepale juu, asilimia 12.7. Nyuma ya namba hizo kuna bibi, kuna shangazi, kuna kaka mkubwa aliyeacha shule. Karibu wote wanalea kwa neno la mdomo. Na neno la mdomo linatosha kabisa, mpaka siku mtu aliyekaa nyuma ya meza anapokuuliza wewe ni nani.

Mtaani kuna msaidizi wa kisheria, mama wa makamo anayeuza vitenge. Hawa walipewa nafasi rasmi na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Siyo mawakili na hawavai joho, lakini wanajua mlango upi unagongwa kwanza. Nilimpelekea zile karatasi mbili. Alivaa miwani akasoma polepole. Alipofika ajenda ya nne alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Sasa baba, unataka karatasi ya nini? Ya mali au ya watoto?"

"Si ndiyo hiyohiyo?"

"Ndiyo maana mnagombana."

Nilikaa pale kibandani kwake mpaka jioni, akinieleza katikati ya wateja. Karatasi ya mali ni usimamizi wa mirathi. Ya kwetu, kwa vile ni mirathi ya kimila, inafunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya kule marehemu alikokuwa anaishi: cheti cha kifo, muhtasari wa ukoo, tangazo la mahakama ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha barua ya uteuzi ambayo watu wote wa mahakamani huiita Fomu Namba 4. Ukishaipata una miezi 4 ya kupeleka orodha ya mali na madeni, halafu unarudi na hesabu za ulivyogawa. Msimamizi hageuki kuwa mwenye mali. Anashika tu, na anahesabiwa.

Karatasi ya watoto ni nyingine kabisa. Hiyo inatoka chini ya Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, na maombi yake yanakwenda Mahakama ya Watoto. Sheria hiyo inamruhusu mzazi, mlezi, au ndugu anayemlea mtoto kuomba uangalizi wake. Ndugu anayemlea. Alinirudishia maneno hayo mara mbili. Haikusema ndugu wa upande gani.

Nilimuuliza pia habari za kuasili, maana mtu wa kanisani alikuwa ameniambia niwaasili tu yaishe. Akatikisa kichwa. Kuasili kunakwenda Mahakama Kuu, na mtoto akishaasiliwa, kisheria anatoka kwa wazazi wake wa kwanza na kuingia kwako moja kwa moja. Wapwa zangu wana jina la baba yao na kaburi la baba yao. Sikutaka kumnyang'anya marehemu kitu ambacho hakuweza kukidai.

Nikirudi nyumbani nikawa nimeelewa jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, lingetupunguzia kesi nyingi katika koo zetu. Ugomvi wetu wote ulitokana na kufunga watoto na nyumba kwenye fundo moja. Upande wa baba ulisikia "mjomba anataka watoto" ukaelewa "mjomba anataka nyumba ya Tukuyu". Na mimi niliposikia "baba mkubwa anawachukua", nilielewa anataka mafao ya marehemu ndugu yake, ambayo yalikuwa yamelala kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii tangu 2018 bila mtu kufungua mirathi. Huenda sote wawili tulikuwa na haki kidogo ya kuogopa.

Kwa hiyo nilipanda kosta kwenda Kyela, nikamwambia shemeji, yule baba yao mkubwa, kitu ambacho mke wangu aliita wazimu: "Wewe uwe msimamizi wa mirathi, mali yote ya watoto ushike wewe. Mimi niachie watoto."

Tulikuwa tumekaa nje, mbele ya magunia ya mpunga. Aliniangalia kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi. Akasema atafikiri. Alifikiri wiki sita.

Najua wapo watakaosema nilifanya ujinga, kwamba mwenye kulea ndiye ashike na pesa, kwani ndiye anayejua soksi zimetoboka lini. Ni kweli. Lakini aliyeshika mfuko na sufuria kwa pamoja hana wa kumuuliza, na mtoto wa miaka 5 hawezi kuuliza.

Wakati shemeji anafikiri, mimi nilikuwa natafuta vyeti. Cha mdogo kilikuwepo, tena kizuri. Mbeya ndiyo ilianza ule mpango wa RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo, wa kusajili watoto wa chini ya miaka 5 bila malipo, mwaka 2013, na yeye alizaliwa 2016, kwa hiyo dada alitoka naye kliniki akiwa na cheti kilichojazwa kwa mkono. Binti alizaliwa 2010. Hana kitu. Na kwa kuwa alishapita miaka 10, maombi yake yalikuwa ya kundi la waliochelewa sana, lenye kudai ushahidi zaidi. Kadi yake ya kliniki niliipata Tukuyu ndani ya bati la biskuti, panya wamekula kona yenye tarehe, imebaki "Mei 20". Kilichotuokoa ni cheti cha ubatizo cha Moravian na barua ya shule. Mara tatu nilikwenda ofisi ya mkuu wa wilaya, yaliko masuala ya vizazi na vifo, na mara zote tatu niliambiwa kuna kitu kimoja kimebaki. Mara ya nne hakikubaki.

Maombi yangu yalipofunguliwa, shemeji akawa "mjibu maombi". Hilo neno liliniuma kuliko samansi yenyewe. Unamwandikia mtu mliyebeba jeneza pamoja kwamba sasa yeye ni mjibu maombi. Nilimpigia simu kabla haijamfikia, nikamwambia utaletewa karatasi, usiipokee kwa hasira, ndivyo wanavyoandika. Akasema, "Haya, mwombaji." Sikujua kama anatania.

Mahakama ikaagiza taarifa ya ustawi wa jamii. Afisa alikuja Jumamosi asubuhi, dada mmoja kijana mwenye buti za mvua, bila kutupa taarifa. Mke wangu alitaka kumtandikia meza akakataa chai, akaomba aone watoto wanapolala. Aliinua chandarua, akaangalia tundu moja ambalo tulikuwa tumelifunga kwa uzi. Akagusa godoro la mdogo, akaona nailoni chini ya shuka. Hakuandika. Bafuni alihesabu miswaki kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, kisha akaniuliza tuko wangapi. Sita. Hapo ndipo aliandika.

Baadaye alikaa na binti kwenye kigoda jikoni, mlango umefungwa, karibu saa nzima. Walichozungumza sikukiuliza. Jioni binti mwenyewe aliniambia kitu kimoja tu: "Ameniuliza nikikosea hapa nafanywaje." Sikumuuliza alijibu nini. Ningependa kusema ni kwa heshima. Kwa kweli niliogopa.

Siku ya kusikilizwa tulikuwa Mahakama ya Watoto hapa Mbeya mjini. Mashauri ya watoto hayasikilizwi hadharani, watu wasiohusika hawaingii. Nilikuwa nimejiandaa kwa kizimba na joho, nimevaa koti la harusi. Tukakuta chumba chenye meza na viti. Hakimu alikuwa mama mtu mzima mwenye mafua, anaomba radhi kila akipiga chafya.

Shangazi wa Tunduma hakuja, alituma ujumbe kwamba hana pingamizi. Shemeji alikuja, na yule mzee wa ng'ombe alikuja naye, akabaki nje. Nilieleza yangu. Hakimu akauliza kwa nini nisiwape walio upande wa baba, na nikatoa hotuba niliyoipanga wiki nzima, kuhusu shule, kuhusu hospitali. Sidhani kama hotuba ile ilisaidia kitu.

Kisha akamwita binti akae karibu naye. Alisogeza kiti chake mwenyewe, wakawa kama watu wanaotazama kitu kimoja.

"Mama, wewe ungependa nini?"

Sheria ndiyo inayomtaka aulize. Katika mambo ambayo mahakama inapaswa kuyapima yamo maoni ya mtoto mwenyewe, aliyoyatoa kwa uhuru. Limo pia la kutomhamisha-hamisha mtoto kutoka mikono hii kwenda ile, na limo la kuwaacha ndugu wakae pamoja. Mimi hayo nilikuwa nimeyasoma. Binti hakuwa ameyasoma.

Alikaa kimya mpaka nikadhani atalia. Akasema, akiiangalia meza: "Huyu anakojoa kitandani. Anaamshwa saa sita na saa kumi. Akiamshwa na mtu mwingine anapigana. Mimi najua kumwamsha."

Hakimu akasubiri.

"Kwa hiyo popote mtakapompeleka, mimi nipo saa sita na saa kumi."

Hakutaja jina langu, wala hakusema ananipenda au anaipenda Uyole. Nilikuja na maombi ya kuwapata watoto wawili, na yule mtoto alikuja na ombi moja tu, ambalo kwenye kiapo changu cha kurasa nne halikuwemo. Mimi naishi naye nyumba moja, na sikuwa najua kwamba anaamka mara mbili kila usiku.

Shemeji alipoulizwa alisimama, ingawa aliambiwa akae tu. Akasema: "Mheshimiwa, mimi sina ugomvi. Niliogopa wasije wakakua hawajui kwao. Baba yao ni mdogo wangu." Akakaa. Ndiyo yalikuwa majibu ya mjibu maombi.

Amri ilisema watoto wote wawili wakae kwangu, likizo ndefu waende kwa baba yao mkubwa, wote wawili pamoja. Ilisema pia mambo yanaweza kubadilishwa ikionekana hali ya watoto inataka hivyo. Watu wengi hawalijui hili, wanadhani hati ya ulezi ni kama hati ya kiwanja. Amri uliyopewa, mahakama inaweza kuitengua.

Nje, yule mzee alinipa mkono. Nikamwamkia kwa Kinyakyusa, akaitikia, akauliza mkono wa mtoto umeunga vizuri? Akaushika akaukunja na kuukunjua mwenyewe, kama anayenunua mbuzi, akaridhika.

Shemeji aliteuliwa msimamizi mwaka uliofuata. Nyumba ya Tukuyu ina wapangaji, na kila mwisho wa mwezi ananitumia kwenye simu picha ya daftari: kodi iliyoingia, bati lililobadilishwa, kilichobaki cha watoto. Picha nyingine hazisomeki, kidole chake kinaziba namba. Tumegombana mara mbili kuhusu bati. Tukigombana, tunagombana kuhusu bati tu, watoto hawamo.

Jirani yangu aliposikia habari hizi alikuja kuniuliza la kwake. Mama yake alipigwa na kiharusi, hasemi, hatambui watu, na wao wanatoa pesa kwenye simu yake kwa namba ya siri ambayo mjukuu anaijua. Nilimwambia nijuavyo: kwa mtu mzima ambaye akili imeathirika, njia inapita kwenye Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Daktari anaeleza hali yake, na mahakama inateua mtu wa kusimamia mali yake na kuitolea hesabu. Akaniuliza ni lazima? Nikamuuliza wako wangapi kwao. Wanane. Na namba ya siri wanaijua wangapi? Akacheka, akashika kofia yake, akauliza yule mama wa vitenge anafungua saa ngapi.

Desemba iliyopita niliwasindikiza stendi kupanda kosta ya Kyela. Nakala ya amri ya mahakama naiweka kwenye nailoni ndani ya begi la binti, kwa ajili ya yeyote atakayeuliza njiani hawa ni watoto wa nani. Mdogo sasa ana sura ya baba yake kabisa, na alitaka kiti cha dirishani. Nikamuuliza dada yake taratibu, mambo ya usiku yanaendeleaje.

"Saa sita tu siku hizi," akasema. "Ya kumi ameacha."